Mama ana presha na magoti, lakini anataka kuliona Ziwa Ngozi

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nimehamia Mbeya miaka miwili iliyopita, naishi Forest. Mama yangu ana miaka 68, anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa mwezi wa saba na atakaa wiki tatu. Ana presha, anameza dawa kila siku na iko vizuri. Magoti ndiyo yanamsumbua: ngazi anapanda, ila kushuka anashika ukuta. Ameona picha ya Ziwa Ngozi kwenye simu ya mjukuu wake, basi haambiliki, anataka apelekwe. Jirani yangu anasema ni mwendo wa nusu saa tu. Mwenzangu kazini anasema mtu wa presha hapandishwi milimani kabisa, damu itampanda kichwani. Tuna IST, na nafasi yangu ni Jumamosi na Jumapili. Mama hapendi makelele wala muziki. Anapenda kukaa mahali, kuangalia, na kunywa chai yake. Nimpeleke Ngozi? Kama siyo, wapi? Na ni kweli kwamba ukipiga kelele pale ziwa linachafuka?"

Marahaba, mwalimu. Nimetembeza wageni mikoa hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali lako nimeulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Kila Desemba na kila mwezi wa saba wazee wanapanda kutoka Pwani kuja kuwaona watoto wao, na kila mtoto anaogopa mambo mawili kwa pamoja: kumnyima mzazi furaha, au kumrudisha nyumbani amebebwa. Wewe umekwisha kupata washauri wawili, na bahati mbaya wote wawili wamekosea. Mmoja ameifanya safari kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Mwingine ameikataa kwa sababu isiyo yake.

Nikujibu moja kwa moja kwanza. Ngozi, hapana. Lakini kinachomzuia si presha, ni magoti. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kama tatizo lingekuwa milima basi ungemfungia mama Forest wiki tatu nzima. Tatizo likiwa ni magoti, unatafuta mahali ambapo gari linasimama karibu na kitu chenyewe, na mahali hapo papo, tena pazuri sana.

Tuanze na nusu saa ya jirani. Ukitoka Mbeya unapita Uyole, unashika barabara ya Tukuyu, unapanda hadi upande wa Isongole kwenye mashamba ya viazi, kisha unaacha lami. Kutoka hapo kuna kilomita kadhaa za barabara ya udongo ambayo IST yako itaipita siku kavu na kuikataa siku yenye manyunyu. Gari likikoma, ndipo safari inapoanza. Mtu mwenye afya, kijana, anapanda kwa miguu saa moja hadi saa moja na nusu ndani ya msitu hadi ukingoni. Nusu saa anayoisema jirani ni ya kijana wa pale pale, mwenye ndala miguuni, asiyesimama kupumua. Mama yako angetumia mara mbili au tatu ya muda huo, na sehemu ya mwisho, kwenye mianzi, njia inasimama kama ukuta: mizizi, tope lisilokauka kwa sababu jua haliingii, na hakuna cha kushika isipokuwa matawi, mengine yakiwa yamezungukwa na upupu.

Akishafika, ziwa liko chini kabisa, ndani ya shimo la volkano, na yeye amesimama juu ukingoni. Picha aliyoiona kwenye simu imepigwa kutoka hapo. Inaonyesha maji ya kijani yaliyotulia ambayo wenyeji hupenda kusema yana umbo la ramani ya Afrika. Haionyeshi kwamba mpiga picha alikuwa anahema, wala kwamba nusu ya wanaofika pale wanakuta ukungu mtupu na kurudi bila kuona hata tone.

Sasa magoti. Watu wengi wanadhani kazi ya goti ni kupanda. Kupanda ni kazi ya moyo na mapafu zaidi. Ukichoka unasimama, unapumua, unaendelea. Kushuka ndiko kunakolila goti. Unaposhuka, msuli mkubwa wa mbele ya paja unafanya kazi kama breki: unajikaza huku ukirefushwa, ili mwili usianguke mbele. Wakati huo huo kile kifuniko cha goti kinakandamizwa kwa nguvu kwenye mfupa ulio nyuma yake, kila hatua, na uzito wote wa mwili unatua juu yake. Goti ambalo gegedu lake, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limechakaa linauma hapo hasa. Ndiyo maana umeandika mwenyewe, labda bila kufikiri sana, kwamba mama anapanda ngazi ila kushuka anashika ukuta. Sentensi hiyo peke yake inatosha kulijibu swali lako la Ngozi, maana Ngozi unashuka wakati wa kurudi, umeshachoka, jioni inakaribia, na ukuta wa kushika haupo.

Kuna wazo jingine litakalokujia, nalijua kwa sababu lilinijia mimi: "Basi mama abaki kwenye gari na dereva, sisi tupande haraka, tumpigie picha." Usifanye. Miaka kadhaa iliyopita nilimwacha mzee mmoja hivyo, baba wa wageni wangu, mstaafu mpole kabisa. Tuliahidi saa mbili. Ukungu ukashuka, mtoto mmoja akateguka kifundo, tukarudi baada ya saa nne. Tulimkuta mzee amekaa kiti cha nyuma, vioo vimejaa mvuke, amejifunga shuka la kiti cha gari mabegani, mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Hakulalamika. Alisema tu, "Mmeliona?" Sijamwacha mtu kwenye gari tena tangu siku hiyo.

Tuje kwa mwenzako wa kazini na damu itakayopanda kichwani. Anachokisikia kina chembe ya ukweli ndani, lakini kimekaa vibaya. Hewa ya milimani ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha Tanga, kama asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani ile nguvu inayosukuma oksijeni kuingia kwenye damu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ufukweni. Kwenye mita 2,600, kimo cha milima inayolizunguka Ngozi, umepungua kwa zaidi kidogo ya robo. Mwili unafidia kwa kupumua haraka na kuufanya moyo upige upesi zaidi, na kwa siku chache za mwanzo presha inaweza kupanda kidogo. Baridi nayo inaibana mishipa ya damu, na mishipa ikibanwa presha inapanda. Ndiyo sababu mgeni kutoka Pwani anafika hapa, anabeba ndoo kutoka uani hadi jikoni, na anashangaa kwa nini anahema.

Lakini jambo hilo linatulia. Mtu ambaye presha yake imedhibitiwa kwa dawa kwa kawaida anaweza kuja Mbeya, kulala Mbeya, na kuzunguka kwa gari juu ya milima yetu. Ugonjwa wa kimo wenyewe, ule wa kichwa kuuma na kutapika, huwapata zaidi watu wanaolala juu ya mita 2,500, na wewe humlazi mama huko. Cha kufanya ni kumpa siku mbili au tatu za kukaa tu. Asipewe kazi, asizungushwe kwa mashangazi. Apate maji ya kutosha na chai yake, alale mapema.

Kuhusu dawa, nisikilize kwa makini kwa sababu hapa ndipo nimeona madhara. Wagonjwa wengi wa presha wamepewa vile vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo watu huviita vya kukojoa. Siku ya safari mzee anafikiria vyoo vya njiani, anaona aibu, na kimya kimya anaruka kidonge. Au anameza lakini hanywi maji siku nzima. Yote mawili ni mabaya. Muulize mama jina la dawa zake kabla hajaondoka Tanga, na amuulize daktari wake kama kidonge hicho kinaweza kuhamishwa saa siku za safari. Si wewe wala mimi wa kuamua. Akifika hapa, mpime presha kwenye duka la dawa au zahanati siku tatu mfululizo, asubuhi, akiwa amekaa na kupumzika. Ikiwa juu kuliko alivyozoea, ahirisha matembezi na umpeleke kwa daktari kwanza. Na mahali popote mtakapokuwa, akipata maumivu ya kifua, akahema akiwa amekaa, akachanganyikiwa maneno, au uso ukapinda upande mmoja, hamumalizii chai. Upande wa Tukuyu kuna hospitali ya wilaya, Makandana. Mkiwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Goti nalo likivimba na kuwa la moto, hilo ni la daktari, si la kuchuliwa.

Haya, sasa wapi.

Kama ningekuwa na mama yako kwa siku moja tu, ningempeleka Kisiba, Ziwa Masoko. Nalo ni ziwa la shimo la volkano kama Ngozi, ila dogo na la mviringo kama sahani, na gari linafika hadi ukingoni kwake. Unateremka Tukuyu, kilomita 70 hivi kutoka Mbeya kwa lami, kisha kama kilomita 15 kuelekea kusini-mashariki ndani ya migomba. Mjini Tukuyu simama uulize hali ya barabara kwa madereva wa Noah. Wao wanajua ya leo, mimi najua ya mwaka jana. Pale ziwani kuna majengo ya mawe ya enzi za Wajerumani, na wenyeji watakusimulia kuhusu sarafu za kale zinazookotwa ufukweni na hazina iliyozamishwa majini wakati wa vita. Sarafu ni kweli, nimeshikishwa moja mimi mwenyewe, nyeusi, nyembamba, maandishi yamekwisha. Hazina simulizi tu, lakini ni simulizi nzuri ya kunywea chai.

Napenda Masoko kwa sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Liko chini, kama mita 840. Mgeni kutoka Pwani watu wanamkimbiza juu siku ya pili baada ya kufika. Mimi namteremsha kwanza. Njiani mtavuka mgongo wa milima ya Poroto, zaidi ya mita 2,000, lakini mmekaa kwenye gari. Upande wa pili joto linarudi taratibu, migomba inaanza, chai inaanza, na mama anavua sweta mwenyewe bila kuambiwa. Mapafu yake yanapata hewa nzito aliyoizoea. Ataona ziwa la volkano, ataweka mkeka ukingoni, na goti lake halitajua kama lilitoka nyumbani. Asogee tu mbali na mteremko wa majini. Kingo zina majani yanayoteleza.

Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Upande wa Rungwe ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na sababu unaiona kwa macho: unyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unaukuta mlima Rungwe wenye mita karibu 2,960 umesimama mbele yake, unalazimika kupanda, unapoa, unageuka wingu. Jua la asubuhi ndilo linalousukuma. Ndiyo maana hata kiangazi, wakati Mbeya mjini kumekauka na vumbi linapepea, Tukuyu alasiri inaweza kukupa manyunyu ya baridi. Ukiondoka Forest saa kumi na mbili unayakwepa. Ukiondoka saa nne baada ya chapati na soga, umeyakaribisha.

Siku ya pili, labda wiki inayofuata, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Hapa kuna kutembea, lakini ni hatua chache, na ndiyo nafasi ya kulipima goti kwa upole. Nimewasikia watu wakiwaambia wageni kwamba lilijengwa na watu wa kale. Hapana. Lava kutoka Rungwe ilitiririka hadi bonde la mto. Lava inapoa kuanzia juu, kama ugali ulioachwa kwenye sinia unavyofanya ngozi, na maji ya mto yakaendelea kutafuta njia yake chini huku juu pakiganda kuwa mwamba. Kilichobaki ni tao la jiwe lililoziba mto kwa juu, na Kiwira anapita chini yake akinguruma. Mama ataliona akiwa amesimama mahali pa salama. Asilivuke. Mwamba unalowa mvuke na unateleza, na wapo vijana watakaomwambia "pita tu bibi". Mbele kidogo kwenye njia hiyo kuna Kijungu, ambako mto unajizungusha kwenye miamba kama maji ya chungu kinachochemka; pale kingo ni mbaya zaidi, paangalieni kwa mbali au mpaache. Eneo hilo liko upande wa chuo cha Magereza, kwa hiyo getini simama, salimia, jieleze, lipa kinacholipwa, na simu ya mjukuu isipige picha majengo wala watumishi.

Kimondo cha Mbozi nakiweka kwa sababu ni tambarare. Gari linasimama, unatembea kidogo, umefika. Kiko kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe, kilomita 65 hadi 70 kutoka Mbeya, kumi na tatu hivi za mwisho zikiwa nje ya barabara kuu. Ni bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita tatu, linalokadiriwa kuwa na tani 16, chuma kwa asilimia 90 hivi na sehemu ya nikeli. Vitabuni imeandikwa liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, ingawa wenyeji walikuwa wakiliona miaka yote hiyo na hawakumsubiri mtu aje kuwaonyesha. Mwambie mama aliguse. Kwenye kona moja walipokata kipande kwa uchunguzi pana uso laini unaong'aa, na pembeni yake uso wa asili una vishimo kama vidole vilivyobonyezwa kwenye unga. Nimeona wazee wakiweka kiganja pale na kukaa kimya muda mrefu. Pana baridi hata jua likiwa kali.

Tatizo la Kimondo ni njia yake. Barabara ya Tunduma ni ya malori. Ukishuka Iwambi kuelekea Mbalizi unakuwa katikati ya makontena yanayokwenda Zambia na Kongo, na utulivu anaoutafuta mama unaishia hapo. Nendeni Jumapili, alfajiri. Siku yoyote nyingine ningesema ibadilishe kwa barabara ya Chunya: unapanda kutoka mjini, unapita misonobari ya Kawetere, na chini ya saa moja uko ukingoni mwa bonde, mahali watu wanapaita Mwisho wa Dunia, unaangalia mbuga za Usangu zikienda hadi zinapoyeyuka. Lami, gari linasimama kando, thermos inafunguliwa. Ila niwe mkweli: mwezi wa nane watu wanachoma mashamba, na moshi unaweza kuifuta mbuga yote ukabaki unaangalia weupe. Tena ni juu na kuna upepo. Nusu saa, basi. Mpeleke wiki ya pili au ya tatu, akishaizoea hewa, siku ambayo kutoka mjini mlima Loleza unauona umechongoka safi.

Utaambiwa Kitulo. Bustani ya Mungu, maua, hifadhi ya taifa tangu 2005. Ni kweli, nami naipenda kuliko yote, lakini maua yanachanua Desemba hadi Aprili. Mwezi wa nane mtapanda kona hamsini na saba kutoka Chimala, mfike mita 2,600, mkute nyasi kavu na upepo unaokata masikio. Mama arudi mwezi wa pili. Matema nako ni kuzuri, joto, maji safi, na soko la vyungu vya Wakisi kila Jumamosi, lakini kilomita 130 kwenda na 130 kurudi kwa siku moja ni adhabu. Mkiweza kulala usiku mmoja, nendeni. Jiandae tu akuambie kwamba ufukwe anao Tanga.

Kuhusu makelele, siku na saa ni muhimu kuliko mahali. Jumamosi mchana vikundi vya vijana vinafika na spika. Jumamosi asubuhi saa mbili hakuna mtu isipokuwa mlinzi na ng'ombe. Na mama anakuja wakati wa Nanenane: kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya John Mwakangale vinajaa watu wa mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini, na Uyole, ambayo ndiyo mlango wako wa kwenda Tukuyu, inakuwa bajaji juu ya bajaji. Siku hizo kaeni nyumbani au mwende Chunya.

Uliuliza kama ziwa linachafuka ukipiga kelele. Wasafwa wa eneo lile wamekuwa na matambiko yao Ngozi tangu zamani, na wazee wanaposema mahali fulani pakae kimya mimi nanyamaza. Sihitaji sababu nyingine. Lakini sababu nyingine zipo. Shimo lile linaweza kujaa ukungu ndani ya dakika chache, mtu akiwa anacheka na kurusha mawe, na asiione njia ya kurudi. Tena ardhi ya huku bado ina pumzi: Ngozi panachunguzwa jotoardhi, na kwengine Rungwe kaboni dayoksaidi inatoka ardhini kwa wingi hadi inavunwa kwa ajili ya viwanda vya soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni, haina harufu. Mababu hawakuwa na kipimo chake, lakini walijua kuna mashimo ambayo ndege hatoki. Kwa hiyo popote Rungwe, watoto wasiingie kwenye mashimo na mapango wasiyoonyeshwa na mwenyeji.

Gari. IST inatosha kwa yote niliyoyataja siku kavu, lakini mpelekee fundi aangalie breki kabla, na umwambie kabisa unakwenda Tukuyu. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinachemka, mafuta ya breki yanachemka nayo, na ghafla pedali inazama bila kushika. Shusha gia kutoka D mapema, injini ilizuie gari, breki uziguse tu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pazuri, subiri zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Chakula beba cha nyumbani. Njiani utapata ndizi, maparachichi ya Rungwe makubwa kama ngumi mbili, na viazi vya kuchemsha, lakini kama mama ni mtu wa swala ujue huku majiko mengi ya barabarani yanakaanga kitimoto pembeni ya kuku, na hatafurahia kuuliza uliza. Beba pia maji ya uvuguvugu ya udhu kwenye chupa ya chai ya pili. Maji ya mifereji ya Poroto asubuhi yanauma mifupa. Kiti cha plastiki kwenye buti, kwa sababu kukaa chini kwenye mkeka ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi. Bakora aishike mkono wa upande ulio kinyume na goti linalouma zaidi. Na vyoo: kituo cha mafuta Uyole na Tukuyu mjini, kila mara mnapopita, hata akisema hana haja.

Akiendelea kuidai Ngozi, usimwambie hawezi. Mwonyeshe Masoko kwanza, kisha mkiwa mnarudi simamisha gari juu kule Isongole, umwonyeshe mlima wenyewe kwa kidole. Mjukuu wake mwenye miaka kumi na tano anaweza kupanda siku nyingine na mwongozaji wa kijijini, akamletea video.

Safari ya basi nayo ni matembezi kwake. Kutoka Dar peke yake ni saa kumi na mbili na zaidi, kwa hiyo kama mna ndugu Iringa alale pale usiku mmoja, na kwenye basi ainuke kila linaposimama ili miguu isivimbe. Sweta asiliweke kwenye begi la buti. Baridi itamkuta Mafinga, kabla hajakuona.